Vifaa vya watoto vya kuchora na kubandika: kabati lisubiri kwanza

Dada wa Uyole, umesema mmepanga vyumba viwili, watoto watatu, na kila ukifagia unaokota kalamu za rangi, vipande vya manila na vizibo vya soda. Sasa unawaza kununua lile kabati la plastiki la droo. Subiri kidogo. Mimi nililinunua, na leo linatunza soksi.

Kabati lenyewe halikuwa na ubaya. Nililiweka chumbani kwa watoto, kila droo na kitu chake: gundi, penseli, karatasi. Likapendeza wiki mbili. Ikaingia Juni, na baridi ya Mbeya unaijua, watoto wote wakahamia jikoni kuota moto wa jiko la mkaa (mlango nauacha wazi, hewa ya mkaa si ya kuchezea). Kuchora wanachorea pale pale kwenye mkeka. Kitu kikitoka chumbani ndiyo kimetoka. Nikimtuma mmoja arudishe mkasi, jibu ni "Mama, kule baridi." Nilifoka mwezi mzima kabla sijakubali kwamba hata mimi nisingeenda.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, angalia wanao wanakaa wapi wakishika kalamu. Vitu vikae hapo, hata kama ni kona ya jikoni na wageni watavikuta.

Mimi sasa nina vikapu viwili vya milulu, vile vinavyosukwa na akina mama wa Iringa. Kimoja cha kuchorea, kingine cha kukatia na kubandikia, basi. Sikugawa zaidi ya hapo, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hafungui droo tatu arudishe vitu vitatu. Atatupia kikapuni, tena ukiwa na bahati. Na kikapu kina mpini, jua likitoka anakibeba mwenyewe hadi barazani. Ila usikisogeze karibu na jiko. Krayoni zangu ziliyeyukia kwenye ususi, na kikapu kile mpaka leo kina rangi ambazo aliyekisuka hakuziweka.

Vile vidogo, yaani vifungo, vizibo, na vijiti vya kuhesabia ambavyo wa darasa la kwanza hudaiwa shuleni, viko kwenye trei ya mayai. Mashimo 30 yanatosha na kubaki.

Sasa unyevu. Kabla ya kuja huku tulikaa Tukuyu, na kule mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka. Manila uliyoisimamisha ukutani Desemba, Februari imejikunja na ina madoa ya ukungu. Mbeya ni afadhali, lakini kuanzia Novemba hadi Aprili karatasi inakunywa maji hewani vilevile. Zangu nazilaza juu ya kabati la nguo, ndani ya nailoni lililokuja na godoro. Ule udongo wa kuchezea wa unga na chumvi usiutengeneze masika ukategemea kuuhifadhi, chumvi inavuta unyevu na asubuhi unakuta uji. Gundi nyeupe ya chupa nayo Julai huwa nzito haitoki. Iloweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, usiongeze maji ndani.

Somo lililoniuma zaidi ni la maharage. Wanangu wanapenda kubandika maharage na mahindi kwenye boksi wapate picha, na huku Nyanda za Juu maharage ya kila rangi hayakosekani. Niliweka kopo lisilo na mfuniko pamoja na karatasi. Baada ya miezi miwili fukusi wameyatoboa yote, vumbi limejaa kikapuni, na panya naye ameitikia wito, kwa sababu kulikuwa na bakuli la gundi ya unga wa ngano nililosahau chini. Alikula picha ya bibi yao kuanzia puani. Pua ilikuwa punje ya hindi. Siku hizi nafaka zinakaa kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, na gundi ya unga napika kijiko kimoja, ikibaki namwaga jioni ile ile.

Mkasi, sindano na shanga vimo kwenye mfuko wa kitambaa, msumari wa juu. Wa mwisho ana miaka miwili na ameshatukimbiza hospitali usiku na harage puani, kwa hiyo ndoo nayo iko juu. Wakubwa wakitaka wanaomba.

Hujauliza habari za picha zilizokwisha, lakini ndizo zitakazokumaliza. Mwenye nyumba wangu hataki misumari mingi, nikafunga kamba kutoka nondo za dirisha hili hadi lile, picha zinaning'inia kwa vibanio vya nguo. Kamba ikijaa zinashushwa kwenye boksi la viatu, kila mtoto na lake. Boksi likijaa, mwenyewe anachagua zipi ziondoke, mimi sigusi. Niliwahi kutupa moja nikidhani ni mchoro wa ovyo, kumbe ni mimi. Zinazoondoka zinawashia jiko. Wa kati huwa anaichungulia yake mpaka iishe, kisha anaomba karatasi nyingine.