Shangazi, mke wangu ameficha spana yangu ya 19

*Shangazi, mimi ni mume wa miaka 38, tunaishi Kiamunyi, Nakuru. Nina Subaru Impreza WRX ya 2006. Nimenunua koiloveri (shokomzoba na springi yake pamoja, unazoweza kurekebisha urefu) zilizotumika, seti nzima shilingi 65,000, springi za mbele ni 8K. Nataka nishushe gari sentimita 5 kabla ya Jumapili, tunaenda Naivasha na wenzangu. Nitafunga mwenyewe hapa uani Jumamosi jioni. Topu, kile kipande cha juu kinachofungwa kwenye bodi, sikupewa, nitatoa za zamani, na springi tutazibana kwa waya kama rafiki yangu alivyofanya. Mke wangu amekataa katakata na kuficha spana. Yeye huendesha gari hilo asubuhi kupeleka watoto shule, na kila mwezi humpeleka mamake kliniki. Anasema linatoa mlio wa kugonga mbele tangu Februari na mimi sijali. Pesa ni zangu, gari ni letu. Mwanamke anitawale hadi kwenye gari?*

Pole kwa kununiana nyumbani, mwanangu. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako imejaa kutawaliwa, lakini neno lenye uzito umelipitia mbio: gari linagonga mbele tangu Februari. Anayelisikia kila asubuhi, watoto wakiwa kiti cha nyuma, ni nani? Mkeo hana vita na koiloveri. Amekuomba kwa miezi urekebishe gari, nawe ukaenda kununua kitu ambacho hakukiomba. Tena nimeona ulivyogawa mali: wakati wa kununua pesa ni zako, gari likigonga ni lenu. Mimi niko upande wa mama watoto, na spana ikae hapo hapo alipoiweka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni huko kugonga. Anza nako. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele, ukalishe gari kwenye stendi mbili. Usilitegemee jeki. Na hapo Kiamunyi udongo ni jivu la volkano, mwepesi, miguu ya stendi huzama taratibu wewe ukiwa chini. Tafuta zege, au utandike mbao pana nene. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, tazama boljointi na bearingi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, ni taairodi. Linki za stabilaiza zitikise kwa mkono, na busi za mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu kwa chini) uzichokonoe kwa mtaimbo mdogo uone kama mpira umepasuka. Kisha shusha gari chini, mwenzako azungushe usukani huku umeweka kiganja juu ya springi. Ikikwama halafu ikaruka, topu imekufa. Na topu hizo hizo ndizo ulizopanga kuzihamishia kwenye koiloveri! Ungemaliza kazi yote na gari lingegonga vile vile, tena kwa sauti zaidi, kwa sababu springi ngumu haifichi busi iliyochoka.

Sasa hilo la waya. Usifanye. Springi ya kiwanda imebanwa ndani ya struti, yaani shokomzoba na springi yake kama kitu kimoja, hata struti ikiwa imelala mezani. Ukifungua nati ya katikati, kinachoizuia isikurukie usoni ni kile ulichoibania tu, na waya hukatika bila kukuonya. Kuna kibano cha springi, ndoano mbili zinazokaa zikitazamana. Unakaza huku mizunguko michache na kule michache mpaka springi ilegee kwenye kikombe chake. Kama huna, nunua topu mpya nne, usiiguse nati ile kabisa. Rafiki yako alibahatika, na bahati yake haikuhusu wewe.

8K maana yake ni kwamba inahitajika kilo 8 kuibana springi hiyo milimita 1. Ya kiwanda ni takriban nusu ya hapo au chini yake. Kwenye lami laini utaipenda. Kwa mama mkwe mwenye kliniki kila mwezi, kila tuta litamfika mgongoni. Na gari hilo lina nafasi ya kama sentimita 15 tu chini yake. Ukitoa 5 utakuwa unakwaruza matuta na kulalia raba za kuzuia, struti ikose pa kwenda. Wengi hudhani chini ndiyo kushika barabara. Kwenye gari la struti, mkono wa chini ukipinda kuelekea juu upande wa tairi, gari linazidi kutaka kulala kwenye kona. Hayo magari ya Safari Rally mnayoyashangilia Naivasha tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya mwaka 2021 huinuliwa, na struti zake hupewa safari ndefu, kwa sababu ya mawe na mashimo. Unaiga gari la lami ukiishi kwenye vumbi.

Kufunga nyumbani si kosa, mwenye vifaa na siku nzima anaweza. Lakini koiloveri zikague kwanza: mafuta yakivuja au fimbo ikiwa na mikwaruzo, rudisha. Bolti mbili za chini ya struti, ile ya juu ndiyo ya camber, yaani mlalo wa tairi, ipige alama ya rangi kabla ya kuilegeza. Fungua kishikio cha paipu ya breki na waya wa ABS, na kitovu cha gurudumu ukifunge kwa kamba kisining'inie kwenye paipu. Nati tatu za juu zitoke mwisho, mwenzako akiishika struti. Ukirudisha, hizo ndogo za juu usizikaze kwa nguvu za zile za chini, zitakatika. Fuata kipimo cha kitabu cha gari lako na spana ya kupima. Ushushe sentimita 2, basi. Kisha alaimenti siku hiyo hiyo, maana ukigusa camber, toe nayo, yaani mwelekeo wa matairi kuingia ndani au kutoka nje, inahama, na tairi linaliwa upande wa ndani. Ukimaliza Jumamosi usiku, utaipata wapi alaimenti kabla ya kilomita 70 za Naivasha?

Ndoa za siku hizi mume na mke wanajuana nywila za simu, lakini hawajuani shida. Mke akisema kitu mara tatu, mume anasikia kelele. Mara ya nne akificha spana, mume anasikia dharau. Heshima unayoitafuta kwangu ungeipata mwezi wa Februari kwa linki mbili na topu mbili. Naivasha nenda na gari la mwenzako. Koiloveri ziuze, ununue shokomzoba mpya za urefu wa kiwandani, nne zote.

Ukishafunga, usianze wewe kulijaribu. Mpe mkeo funguo, wewe keti pembeni, aliendeshe polepole kwenye matuta ya barabara ya Ravine. Yeye ndiye atakayesema kama limeacha kugonga.