Vigae viwili na nyuzi 17

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa vigae huku Kisauni. Binti yangu wa kidato cha pili kaja na hesabu hii: vigae viwili vya mraba, kila kimoja sentimita 40 kwa 40. Kona ya kigae cha juu imewekwa katikati kabisa ya kile cha chini, kisha cha juu kikazungushwa nyuzi 17 kwenye hiyo kona. Eneo gani la cha chini limefunikwa? Amekesha nayo. Mimi naona imepungukiwa vipimo.
Fundi, Kisauni

JIBU: Marahaba fundi. Haikupungukiwa, imezidishiwa! Hizo nyuzi 17 ni chambo tu. Jibu ni sentimita za mraba 400, robo ya kigae, hata zingekuwa nyuzi 3 au 60.

Nami nilinasa. Nilianza na tanjenti, karatasi mbili zikajaa, ndipo nikakata boksi la tende lililobaki tangu Ramadhani, nikalipiga pini, nikaketi barazani nazungusha. Mjukuu akaniuliza nacheza nini.

Kabla ya kuzungusha, kilichofunikwa ni kimraba cha 20 kwa 20: 400. Ukifika nyuzi 45 ni pembetatu, kitako 40, kimo 20: tena 400. Hapo kati je? Shika penseli. Kingo mbili za kigae cha juu zinazokutana katikati, zirefushe ng'ambo ya pili mpaka zitoke nje ya kigae cha chini. Umepata msalaba, na kigae kimegawika vipande vinne vilivyokaa upandeupande. Sasa zungusha mchoro mzima robo duara. Kigae kinakalia alama zake zilezile, msalaba vilevile, na kila kipande kinaingia mahali pa jirani yake bila kupungua wala kuzidi. Basi vyote vinne ni sawa, na kilichofunikwa ni kimoja.

Binti asisahau kuandika kwamba kigae cha juu kinatosha: toka katikati ya cha chini hadi kona yake ni sentimita 28 na kitu, nacho kina 40. Kingekuwa cha 15, eneo lake lote ni 225 tu.

Na mama yake akiwapa leso, yaani kanga, mjaribie kama kigae cha chini, ikataeni. Leso ni mstatili. Chukua mstatili wa 60 kwa 40. Robo yake ni 600, lakini kona ya kigae ikiwa katikati na mdomo wake umeelekea sawasawa ubavu mrefu inafunika 400, ukielekea ubavu mfupi 800. Hiyo mwachie binti aithibitishe mwenyewe.