Tungo ya muziki, herufi 5: anza na herufi ya mwisho

Ndugu yangu wa Jinja, umekwama kwenye fumbo la maneno la gazeti la Kiingereza: "tungo ya muziki, herufi 5". Usikisie ovyo, tafuta kwanza herufi ya mwisho kwa neno linalokatiza. Ikiwa O, jaza rondo, muziki ambao kiitikio chake hurudi tena na tena. Ikiwa A, opera. T ni motet, wimbo wa kwaya wa kanisani. E ndiyo yenye kazi: fugue, suite na etude zote zinaingia, kwa hiyo andika kwa penseli.

Herufi 7 zinasumbua zaidi, maana cantata, toccata na partita zote huishia TA. Hapo soma kidokezo vizuri. Kikitaja waimbaji, ni cantata. Kinanda na vidole vyepesi, toccata. Mfululizo wa dansi, hasa wa mtunzi Bach, partita.

Kwa 8, concerto ina mpiga ala mmoja mbele ya okestra. Oratorio, tungo ndefu ya waimbaji na okestra yenye hadithi ya dini, unaijua tayari: Messiah ya Handel ya 1741, yenye ile "Haleluya" ya kwaya zetu, ni mojawapo.