Kwa wadogo zangu mnaoanza uhakiki wa sinema hapa Lubumbashi

Wadogo zangu, mara kwa mara wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, na vijana wa redio za hapa mjini hunijia wakitaka kujua namna ya kuingia katika kazi hii. Huwa nawapa jambo moja tu la kufanya: nendeni mkatazame filamu, mrudi na ukurasa mmoja. Karibu wote hurudi na maneno yale yale. Filamu ni nzuri, waigizaji wamejitahidi, inatufundisha mengi, wakubwa wa nchi wasaidie wasanii. Katika ukurasa mzima hukuti sentensi moja inayoonyesha kwamba mwandishi alikaa mbele ya skrini. Hata mtu ambaye hakuiona filamu angeweza kuandika vile.

Mwambie msomaji kilichokuwa kwenye picha na kilichosikika, kabla hujasema filamu ni nzuri au mbaya. Hukumu yako ije nyuma, ikiwa imesimama juu ya ulichokiona. Hapo hata anayekupinga atakusikiliza, maana umempa kitu cha kushika.

Tuchukue filamu ya ukweli iitwayo Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la Cannes mwaka 2017. Kabwita Kasongo ni kijana wa kijiji cha Walemba, upande wa Kolwezi. Anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anauchoma ndani ya tanuri la udongo, anatoa makala (ndugu zetu wa pwani husema makaa), anapakia magunia juu ya baiskeli na kuisukuma kwa miguu kama kilomita 50 mpaka mjini. Anatafuta mabati ya nyumba yake. Kisa ni hicho tu.

Wanaoanza wakiiandikia filamu hii hukimbilia mateso: Kabwita ni mfano wa Kongo nzima, Kabwita ni sisi sote. Nawaomba muache Kongo nzima ipumzike kidogo. Tazameni mti. Gras, ambaye alishika kamera mwenyewe, anatuacha tukae pale shoka likipiga na kupiga, na mti bado umesimama. Ule urefu wa muda ndio unaobeba filamu. Angeuangusha mti kwa picha tatu za haraka, gunia lingebaki gunia. Baada ya kukaa chini ya mti ule, mama wa sokoni anapoanza kuomba bei ishuke, tumbo linakukaza, kwa sababu sasa unajua kilichomo ndani ya gunia. Eleza hivyo, na msomaji atakubali ukimwambia kwamba uhariri ni mzuri. Ukimwambia tu “uhariri ni mzuri”, hujamwambia kitu.

Kuna faida tuliyo nayo ambayo mhakiki wa Paris hana: tunasikia. Kabwita na mke wake wanasema Kiswahili, na wanunuzi wa Kolwezi vilevile. Maandishi ya chini ya picha yanatoa maana ya maneno, lakini hayatoi namna mtu anavyoomba kwa upole huku amekasirika. Msikilizeni anavyojibu wale wanaomtoza njiani kabla ya kuingia mjini. Sauti inashuka, heshima inaongezeka, na ndani yake kuna hasira ambayo mtu wa nje hataisikia. Ukiandika hayo umempa msomaji kitu ambacho magazeti makubwa ya Ulaya hayakuweza kumpa.

Lakini kuijua sana nchi yako nako kunaweza kukufunga macho. Nimesikia wengi hapa wakisema, “Baiskeli za makala tunaziona kila siku kwenye njia ya Kipushi, kuna jipya gani?” Hiyo haijawa hukumu bado. Jiulize kama wewe uliwahi kutembea na baiskeli moja tangu mti mpaka soko. Filamu imekutembeza. Sema kama safari ilistahili.

Watu huuliza pia kwa nini mpiga picha hakuacha kamera akamsaidia kusukuma, hasa lori linapoigonga baiskeli na mzigo kuanguka. Swali ni la haki, liandikeni, msilikwepe. Kwangu mimi kasoro iko kwingine, kwenye muziki wa sello (ile fidla kubwa) ya Gaspar Claus. Mahali pengine muziki unatushika mkono na kutuambia tusikitike sasa, wakati pumzi za Kabwita na mlio wa baiskeli vilikuwa vinatosha kabisa. Unaweza kuipenda filamu sana na bado ukaidai.

Na hapo ndipo wengi hushindwa filamu inapokuwa yetu. Baloji alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978. Filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, iliingia Cannes mwaka 2023 katika kundi la Un Certain Regard na kupata tuzo ya sauti mpya. Nilijaa furaha, na sioni haya kusema. Ila furaha ya mtu wa mji mmoja si uhakiki. Nilipokaa kuandika niliandika kuhusu Koffi, aliyerudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu mwenye mimba: anampakata mtoto mchanga wa ndugu zake, damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto, na kwa muda mfupi nyuso zote za ukoo zinabadilika. Hakuna aliyeeleza uchawi ni nini, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Niliandika pia kwamba Mama Mujila, aliyechezwa na Yves-Marina Gnahoua, ndiye uti wa mgongo wa filamu, na kwamba sehemu ya Paco na wavulana waliovaa magauni ya waridi inapendeza macho kuliko inavyotupa nafasi ya kumjua Paco mwenyewe. Rangi nyingi, muda mdogo. Rafiki zangu wengine walinuna. Mimi naamini mtengenezaji mkubwa anastahili msomaji anayemtazama kwa makini.

Jambo dogo juu ya filamu hiyo: ilipigwa Kinshasa na Lubumbashi, na miji hiyo miwili imeunganishwa kuwa mji mmoja wa kubuni. Kusema “ile barabara si ya huku” ni kuisoma kama ramani. Msipoteze nafasi yenu kwa hilo.

Filamu za ukweli zina masharti yake. Soundtrack to a Coup d'État ya Mbelgiji Johan Grimonprez, ya mwaka 2024, inaunganisha jazi ya Marekani, Umoja wa Mataifa na kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Sisi tunaoijua Shilatembo, mahali alipouawa, hatuwezi kuitazama kama watu wa mbali: Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 si mbali na mji huu, na Louis Armstrong alikuja kupiga hapa, Elisabethville ya wakati ule, Novemba 1960. Grimonprez anaonyesha kwenye skrini vitabu alivyotumia, na hilo nampongeza. Hata hivyo, ngoma za Max Roach, mpiga jazi wa Marekani, zikiwekwa juu ya kikao cha Baraza la Usalama hazithibitishi chochote, zinakufanya uhisi. Kazi yako ni kutenganisha mambo hayo mawili kwa ajili ya msomaji: hapa ameonyesha, hapa amenifanya nihisi. Kisha nenda mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya, tafuta mzee aliyekuwa kijana miaka ile, umsikilize.

Sasa franka. Msanii wa hapa anapozindua filamu, waandishi wanaalikwa, na mwishoni bahasha ya pesa inapita, ile kupaje tunayoijua sote. Najua redio nyingi hazilipi, na najua bei ya usafiri kutoka mtaa wa Ruashi. Siwezi kumhukumu kijana mwenye njaa. Lakini ukishapokea, unachoandika ni tangazo, na msomaji ana haki ya kujua kuwa ni tangazo. Kama huna njia nyingine, tangaza filamu: jina, mahali, saa, bei ya kuingia. Usiweke neno la sifa, na uhakiki mwachie mwenzako ambaye hakupokea. Au lipa mlangoni kama watazamaji wengine, ukae nao. Nimependa sana kukaa katikati ya watu, kwa sababu nasikia wanacheka wapi na wanaanza kuzungumza wapi, na mara nyingi mahali wanapoanza kuzungumza ndipo filamu ilipolegea.

Mji wetu ni mdogo kwa mambo haya. Utamkosoa mtu Jumamosi na Jumapili utakaa naye benchi moja kanisani. Ndiyo maana usiandike “sauti mbaya”. Andika: “Kwenye ugomvi wa jikoni, jenereta ya jirani inafunika maneno ya mama, na ndiyo maneno tuliyoyahitaji ili kujua kwa nini binti anaondoka.” Msanii atasononeka siku moja, lakini safari ijayo atamwomba jirani azime jenereta, au ataomba kuazima maikrofoni iliyo bora. Nimeona ikitokea. “Sauti mbaya” haijamsaidia mtu yeyote.

Mengine ni ya mikono. Beba penseli, wino unakataa ukiandika umeinamisha daftari gizani. Andika maneno makubwa, machache. Kaa mpaka majina ya mwisho yapite, uandike nani alipiga picha na nani alihariri, na uhakikishe herufi za majina yao. SNEL, shirika la umeme, ikichukua umeme katikati ya filamu na usirudi, hujaiona filamu: rudi siku nyingine au nyamaza. Nakala ya flashi kutoka sokoni mara nyingi imekatwa au ina rangi iliyokufa, basi usimlaumu mpiga picha kwa kosa la aliyenakili.

Anayetaka kuanza wiki hii aanze na Machini, ya mwaka 2019, ya Frank Mukunday na Tétshim, wasanii wa hapa hapa. Ni fupi, kama dakika kumi, imetengenezwa kwa michoro ya chaki na mawe yanayosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, na inahusu migodi na watu wanaoishi karibu nayo. Itazame mara moja kama mtazamaji. Mara ya pili zima sauti, ufuate jiwe moja tu linavyokwenda. Mara ya tatu funga macho usikilize. Halafu niletee maneno mia tatu, na katika mia mbili za kwanza nisilione neno “nzuri”.