Mwanangu, kuhusu hiyo kozi ya kufundisha skii Kanada

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umemaliza kidato cha sita, umekutana na wakala hapo Moshi mjini, anakuambia ukija Kanada kwa wiki 12 utatoka na cheti cha mwalimu wa skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, na kazi ya uhakika mlimani. Baba yako yuko tayari kuuza kile kipande cha shamba Kibosho. Ukaniuliza: "Shangazi, wewe si unafundisha hukohuko? Ni kweli au naibiwa?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wiki hizi vijana wengine wawili, mmoja wa Arusha, wameniuliza hilohilo.

Kozi ipo na cheti kipo. Walimu wa skii wa Kanada wana chama chao, CSIA, chenye ngazi 4 za vyeti, na wa snoubodi, wanaoteleza kwa ubao mmoja, wana CASI. Ngazi ya kwanza ni mafunzo ya siku chache pamoja na mtihani, nayo inakuruhusu kufundisha wanaoanza. Hizo wiki 12 ni za kukufanya wewe mwenyewe uteleze vizuri kwanza, ndipo uandaliwe kwa ngazi ya kwanza na ya pili. Wengi wanaozichukua ni vijana wa Uingereza na Australia waliomaliza sekondari, wanaopumzika mwaka mmoja kabla ya chuo. Karatasi uliyonitumia inasema zaidi ya dola 10,000 za Kanada, na hapo tiketi ya ndege bado.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wakala amenyamaza. Kanada ina makubaliano na nchi kadhaa ya kubadilishana vijana, mpango unaoitwa IEC. Kijana wa Uingereza anaomba kupitia huko, anapewa kibali cha kazi, akimaliza kozi anaajiriwa. Tanzania haimo. Kwa kozi isiyozidi miezi 6 hudaiwi kibali cha masomo. Unaomba viza ya mgeni, na afisa lazima aridhike kwamba utarudi nyumbani. Ukiipata, viza hiyo hairuhusu kufanya kazi. Utasoma darasa moja na kijana wa London, mtafaulu mtihani mmoja, yeye atavaa koti la shule ya skii Jumatatu inayofuata na wewe utafungasha mabegi. Kazi ya uhakika aliyotajiwa baba yako ni ya huyo mwenzako.

Mimi nilikuwa na ukaazi wa kudumu kabla sijagusa skii. Siku za wiki nahudumia wazee kwenye makao yao hapa Calgary, na wikiendi za majira ya baridi ndiyo nafundisha. Kwa mshahara wa skii peke yake nisingelipa kodi ya nyumba. Kima cha chini hapa Alberta ni dola 15 kwa saa, na mwalimu mpya yuko karibu na hapo. Tena mara nyingi unalipwa saa ulizofundisha tu. Kuna Jumamosi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda basi, nikafika baridi ikiwa chini ya sifuri kwa digrii 30, wazazi wakafuta masomo, nikarudi bila senti. Baba yako amelala kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mara nyingi na wageni anaowaongoza, muulize baridi ya kule usiku ikoje, kisha ujue hii inaizidi. Kope zinagandana ukipepesa macho.

Lakini sitaki uelewe kwamba kazi yenyewe ni mbaya. Naipenda kuliko nilivyotegemea. Msimu uliopita nilikuwa na binti wa miaka mitano, analia, skii zake zimepandana kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Hapa watoto huambiwa "pizza" wakitakiwa kusimama, na "french fries", yaani chips, wakitakiwa kwenda: ncha za mbele zikutane na visigino vifunguke, zinafanya umbo la kipande cha pizza na mwendo unapungua. Nikapiga magoti mbele yake, nikashika zile ncha kwa mikono miwili, nikawa narudi nyuma polepole naye ananifuata. Nikaachia. Akasukuma visigino nje, theluji ikakwaruza, akasimama mwenyewe. Aliangalia miguu yake muda mrefu kabla hajaniangalia mimi.

Msimamizi wa mtihani wangu aliniambia naongea mno, mtoto hujifunza kwa kutazama. Nikamkumbuka baba yako njia ya Machame, anavyotembea mbele ya wageni bila kusema neno mpaka wote wanashika hatua yake. Wewe umebeba mizigo naye likizo mbili. Kumsoma mtu aliyechoka na kuogopa, wengi kwenye hizo kozi huanza kufundishwa wakiwa huku. Wewe tayari unayo kutoka mlimani.

Uliuliza pia mbona tusijifunze Kibo, kilele cha Kilimanjaro, theluji ipo pale juu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, walipanda na skii na wakateleza kweli, na barafu moja ya kule inaitwa Furtwängler hadi leo. Ila tangu mwaka huo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imeyeyuka, na iliyobaki si uwanja wa kujifunzia.

Ushauri wangu ni huu. Nenda chuo ulichopangiwa. Likizo panda na baba, anza taratibu za leseni ya uongozaji mlima, na Kijerumani chako usikiache, wageni wa lugha hiyo ni wengi hapo Moshi. Ukija kupata njia halali ya kuishi Kanada, kwa masomo ya chuo au kwa kazi, hiyo ngazi ya kwanza nitakulipia mimi, na buti za kuanzia zipo hapa kwangu.

Kaka, najua na wewe unasoma hapa. Bibi ameniambia mnunuzi anakuja Jumamosi kupima shamba. Mpigie leo, mwambie asije.