Mwanahistoria wa Vita au Mhasibu?

SWALI: Mhariri, salaam. Hivi karibuni nilihudhuria mhadhara wa wazi hapa Dodoma, uliotolewa na mtafiti aliyejitambulisha kuwa mwanahistoria wa vita vya Enzi za Kati barani Ulaya. Nilitarajia habari za panga na ngome, lakini karibu muda wote alizungumzia mishahara, ushuru na madeni ya wafalme. Naomba kufahamishwa: huyu ni mwanahistoria wa vita au ni mhasibu?
Mwalimu wa sekondari, Kongwa

JIBU: Mwalimu, huyo ni mwanahistoria wa vita, na kwa maoni yetu ni wa aina ya kuaminiwa zaidi. Waandishi wa tarehe, yaani wa simulizi za matukio ya enzi zile, walipenda kutaja majeshi ya makumi ya maelfu, hasa ya adui, kwa kuwa kuwashinda wengi kunanogesha simulizi. Karani wa mfalme hakuwa na nafasi ya kutia chumvi: aliandika nani amelipwa, kiasi gani na kwa siku ngapi, maana baadaye angedaiwa hesabu hizo. Katika Uingereza ya karne ya 14, mpiga upinde mwenye farasi alilipwa kwa kawaida peni 6 kwa siku, na askari wa farasi mwenye cheo shilingi 2, yaani peni 24. Mtafiti akishapata jumla ya malipo na idadi ya siku, anaweza kukadiria idadi ya watu, na mara nyingi jeshi lililosimuliwa linapungua sana.

Farasi nao waliandikwa. Mwanzoni mwa karne hiyo makarani waliorodhesha rangi na thamani ya kila farasi wa vita kabla ya safari, ili akifa kazini mwenyewe alipwe fidia. Orodha ya namna hiyo inaonyesha nani alikuwa na uwezo na nani aliungaunga.

Kuhusu mapato, chukua mfano wa Edward III, aliyeingia vitani na Ufaransa mwaka 1337. Ushuru wa gunia la sufu iliyouzwa nje, ambao mwaka 1275 ulikuwa shilingi 6 na peni 8, ulipanda wakati wake hadi shilingi 40 hivi. Kwa kodi nyingine alihitaji idhini ya Bunge, na wajumbe wake walizoea kutanguliza malalamiko yao kabla ya kuidhinisha. Sisi tunaosikia bajeti ikisomwa hapa Dodoma kila Juni hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Fedha hazikutosha, akakopa kwa wenye benki wa Florence, Bardi na Peruzzi. Peruzzi walifilisika mwaka 1343 na Bardi mwaka 1346, mwaka uleule Edward alipowashinda Wafaransa katika mapigano ya Crécy. Wanahistoria wangali wanabishana iwapo ni deni la mfalme lililowaangusha au biashara yao ilikuwa imekwisha kuyumba, na ubishi huo hauamuliwi kwa habari za mapanga bali kwa daftari.

Mwanafunzi wako akivutiwa, si lazima aanzie Ulaya. Watemi wa Ugogo katika karne ya 19 walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa, shanga na nyaya kwa misafara iliyohitaji maji na chakula njiani kuelekea Tabora na Ujiji. Amwulize mhadhiri wake mali hiyo iligawanywa vipi, na ni sehemu gani iliyokwenda kwenye silaha.