Corolla inayozima ikipata moto: usikimbilie kununua pampu

Pole mkuu. Umesema Corolla yako ya 1994 inazima ikipata moto, ukiipumzisha nusu saa inawaka, mlimani haivuti, na unataka kununua pampu ya mafuta: hata mimi ningeishuku. Ila kagua kwanza fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) na chujio la mafuta. Langu lilitoa tope jeusi kama kahawa.

Kwenye Toyota hizi za zamani, kufungua swichi tu (kuzungusha ufunguo hadi ON) hakuwashi pampu, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi. Fungua kiboksi cha DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha matundu yenye alama +B na FP kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Shika mpira wa mafuta. Mpira ukiwa mgumu, pampu inasukuma. Pima palepale ilipozimia, maana asubuhi ikiwa baridi itakudanganya.

Imekufa? Imo ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Chomoa betri, fanyia kazi nje, sigara mbali. Legeza nati ya mpira polepole, umeifunika kitambaa, presha bado imo. Badilisha pampu pamoja na kichujio cha chini yake. Nyaya zikiwa zimeungua, mwite fundi umeme.

Na acha kutembea huku taa ya mafuta kuisha imewaka. Petroli ndiyo inayoipoza pampu.